Saa ya Kiswahili ya Jumamosi

Redio ile ilikuwa Mbarara, magharibi mwa Uganda, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Kabla sijapanda ngazi zake kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeisikiliza miaka mitatu nikiwa Juru, kijiji kimoja cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Tulifika Nakivale mwishoni mwa miaka ya tisini, baba, mama, mimi binti yao wa kwanza na wadogo zangu wawili, tukitoka milima ya Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Kule nyumbani baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya katika kanisa letu la Kiprotestanti. Kwenye makazi alipewa kipande cha shamba kama watu wengine, akalima maharage na mahindi, lakini ualimu haukumtoka. Hakuweza kusikia neno limesemwa vibaya akanyamaza.

Redio yetu ilikuwa ndogo, nyeusi, imezungushiwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wake wa nyuma ulipotea njiani. Betri, ambazo sisi tuliziita mapile, zilipochoka mama alizianika juani kando ya maharage, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha taarifa moja ya habari na nusu ya wimbo.

Mwenye redio wakati huo alikuwa mzee mmoja wa Bwizibwera, mfanyabiashara wa maziwa. Watu walisema aliifungua kwa sababu alichoka kutuma watu kwa baiskeli kwenda kuwaambia wafugaji kwamba lori lake limeharibika. Sijui kama ni kweli, lakini redio yenyewe iliongea hivyo. Asubuhi ilisema lori la maziwa limefika wapi. Kisha ikataja ng'ombe aliyepotea, rangi yake na jinsi pembe zilivyokaa. Kisha nani amefariki na atazikwa saa ngapi, harusi ya nani imeahirishwa, kanisa gani linaezeka mabati. Yote hayo kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji. Mimi lugha hiyo nilijifunza kwa matangazo ya ng'ombe, na mpaka leo najua majina ya rangi zao kuliko ninavyojua kuomba chumvi kwa jirani.

Jumamosi saa kumi jioni ilikuja Saa ya Kiswahili. Mtangazaji wake alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kila mtu, hata mwenye redio, alimwita Afande. Siku ya kwanza tulipomsikia, tulikuwa uani tunapukuchua mahindi.

"Habari ya nyinyi yote!" alisema, kwa sauti ya mtu anayeita gwaride. "Hii ni saa ya Kiswahili. Kama wewe iko na barua, mimi nasoma. Kama hapana barua, mimi napiga muziki."

Baba aliweka gunzi chini. "Uyu mutu anatesa luga," alisema.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Jumamosi iliyofuata baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa karibu na redio, daftari la mdogo wangu likiwa magotini, kalamu mkononi. Afande aliongea, baba akaandika. Mwisho wa saa ile alikuwa na makosa ishirini na moja, kila moja na sahihisho lake pembeni, kama alivyokuwa akifanya kwenye karatasi za wanafunzi wake. Akaandika barua ya heshima, akaikunja, akampa dereva wa pikapu ya ndizi aliyekuwa akienda Mbarara.

Jumamosi mbili zikapita kimya. Ya tatu, Afande akakohoa.

"Iko mzee moja ya Juru," alisema. "Anaandika kwamba mimi naharibu Kiswahili. Anasema hapana 'nyinyi yote'. Ni 'nyinyi nyote'." Akayasoma makosa yote ishirini na moja, moja moja, bila kuruka hata lile lililosema sauti yake ni ya kufokea ng'ombe. Kisha akacheka. "Mzee, ni kweli. Mimi nilifunza hii lugha kambini, mwalimu yangu ilikuwa sajini. Kuja unisaidie. Kama hapana weza kuja, tuma mtu."

Majirani walimiminika kwetu kumpongeza baba. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa kofia. "Niliandikia yeye," alinung'unika, "siyo batu bote." Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi aliniita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza masomo yale niliyoweza kuyapata, nafundisha watoto kusoma kanisani.

"Wewe ndiye utaenda," aliniambia. "Umuombe samahani. Kisha umufundishe."

Alinibeba kwa baiskeli mpaka barabarani. Nikapanda pikapu juu ya mikungu, tukapita Masha, ng'ombe wamejaa pande zote mbili za barabara, nami njia nzima nikirudiarudia maneno ya kuomba samahani.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Afande alikuwa mtu mfupi, amevaa sweta ya kijani iliyoshonwa viwikoni, na aliniangalia vumbi la usoni kabla ya kuniangalia mimi.

"Wewe ni mtoto ya ule mwalimu? Karibu. Umekula?"

Alinikalisha kwenye benchi, akaniletea chapati na kikombe cha maziwa, akasimama pale mpaka nikamaliza. Ndipo akanifungulia mlango wa studio. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimefunikwa mablanketi na trei za mayai ili sauti isirudi, na kilinuka maziwa na waya zilizopata moto. Akanisogezea maikrofoni na barua tatu. "Soma," alisema. "Mimi nitasikia wewe."

Barua ya kwanza niliisoma mbio mbio. Kwenye ya pili nikasikia kitu pembeni yangu: Afande alikuwa amefumba macho, anarudia chini chini, "Nyote. Nyinyi nyote."

Tangu siku ile nilikwenda Mbarara kila Jumamosi, miaka mitano hivi, nikilala kwa familia moja ya kanisa letu na kurudi Juru Jumapili. Baba na mama walinisikiliza uani, na nilipofika nyumbani baba alikuwa na orodha ya makosa yangu.

Mwanzoni barua zilikuwa salamu tupu. Mtu anamsalimu shangazi, mwingine anaomba wimbo. Lakini watu wa Nakivale walipotambua kwamba sauti ile ni ya mwenzao, wakaanza kuleta barua za aina nyingine. Zilikuja kwa madereva, kwa wachungaji, nyingine zimeandikwa nyuma ya karatasi za sabuni. Ninamtafuta kaka yangu, tuliachana mpakani. Ninamtafuta mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Afande aliacha kupiga muziki katikati ya barua hizo. "Hapana changanya," alisema.

Mmoja sitamsahau. Alikuwa mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu, hakujua kuandika, akaja nyumbani siku ya Ijumaa nimwandikie. Alikuwa anamtafuta binti yake, aliyepotezana naye walipokuwa wakikimbia. Nikaandika jina la mtoto, la baba yake, la kijiji chao.

"Andika ana kovu la uji kwenye muguu wa kushoto," alisema. Nikaandika. Akachezea pindo la kitenge chake. "Andika kama sina kasirani juu ya ile sufuria."

"Sufuria gani, mama?"

Akaniambia. Asubuhi ile ya kukimbia, kabla hawajajua kama watakimbia, binti aliunguza sufuria ya maharage. Mama akampiga kofi. Mchana risasi zikasikika, kila mmoja akashika njia yake, na kofi ndilo lililokuwa la mwisho kati yao.

Niliisoma barua hiyo Jumamosi tatu mfululizo, na sufuria yake. Jumamosi ya nne nilikuwa hewani, nasoma barua nyingine kabisa, mlango ukafunguka. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, bado na viatu vya mpira miguuni. Hakujua kama maikrofoni inasikia, au hakujali.

"Afande," alisema, "iko msichana kule Masha, anakamua ng'ombe kwa watu. Alisikia redio jikoni, akaanza kulia. Anasema hiyo sufuria ni yake."

Maneno hayo yalikwenda hewani kama yalivyo. Huko Juru, baba aliniambia baadaye, yule mama alisimama, akaenda kufunga mbuzi wake, akarudi, akasema, "Nimesikia vizuri?"

Miaka yote ile walikuwa wametenganishwa na mwendo wa baiskeli wa nusu siku. Jumatatu msichana aliletwa kwa pikapu, na kijiji kizima kilikuwa kimejipanga njiani. Mama yake hakukimbia kumkumbatia. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akamkalisha, akapiga magoti mbele yake, akamvua ndala ya mguu wa kushoto na kuliangalia kovu kwa muda mrefu. Kisha ndipo akalia. Watu waliokuwa wameanza kuimba walinyamaza.

Nadhani hiyo ilikuwa miaka bora ya redio ile, na labda ya maisha yangu pia. Sikujua. Nilidhani itakuwa hivyo tu.

Siku moja yule mzee wa Bwizibwera alituita wote ofisini, akatugawia maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Akasema amezeeka, malori ameshayauza, na watoto wake walioko Kampala hawataki maziwa wala redio. Aliongea Kinyankore polepole ili nami nielewe. Wiki iliyofuata alikuja mwenye redio mpya, kijana aliyekuwa amefanikiwa katika biashara ya simu.

Sitamsema vibaya. Alikuwa na adabu, alimsalimia hata mfagiaji. Aliondoa mablanketi na trei za mayai, akaweka sponji nyeusi ukutani na kompyuta mezani. Redio ikapata jina jipya, na jina hilo likaimbwa kwa Kiingereza kila baada ya nyimbo mbili na sauti ya mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Matangazo ya ng'ombe yakaondolewa. Mmoja wetu alipouliza, kijana akajibu kwa upole, "Ng'ombe hawapigi simu." Saa ya Kiswahili ikawa nusu saa, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, tena ya kurekodiwa.

Alimwita Afande mbele yangu. "Mzee, tunakuheshimu sana," alimwambia. "Lakini sauti yako ni ya zamani. Sasa tunatafuta vijana."

Afande alisimama wima. "Sawa, afande," alimjibu yule kijana. Kisha akauliza, "Barua zikikuja, nani atasoma?"

"Siku hizi watu watatuma ujumbe kwa simu."

Afande akanigeukia. Nilijua anachongoja. Mimi nikaangalia sakafu. Kijana alikuwa amekwisha kuniambia kwamba lafudhi yangu ya Kikongo inapendeza katika matangazo ya sabuni, na kwamba mimi nitabaki. Afande alichukua sweta yake kwenye msumari, akanipa mkono, akashuka ngazi. Nilisikia hatua zake mpaka chini, sawasawa, kama mtu anayehesabu.

Jumapili nilipofika nyumbani, baba alikuwa anachambua maharage. "Afande iko wapi?" aliuliza.

"Ameondoka, baba. Wamemwondoa."

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki."

Aliendelea kuchambua. Hakuniuliza tena, na tangu siku ile hakunipa orodha yoyote ya makosa. Alihamia redio za mbali, zile za masafa mafupi zinazokuja na kuondoka kama upepo. Aliposikia wimbo wa redio yetu kwa jirani alisema tu, "Ile sasa ni makelele."

Hapo hakuitendea haki. Vijana wa Juru waliipenda. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kucheza kwa redio ile, bombani, dumu la maji kichwani, na wenzake wakimpigia makofi. Wakati mwingine nikisikia mojawapo ya nyimbo zile naziona ndala zake kwenye tope, nami nacheka peke yangu. Nilitangaza sabuni, unga, simu. Watu walinitambua sokoni Mbarara kwa sauti, wakaniomba niseme ile ya sabuni. Nikaisema. Niliolewa katika miaka hiyo na mwalimu wa Juru, nikazaa watoto wawili. Mara nyingi nilifikiria kwenda Bwizibwera, ambako Afande naye alikuwa na kwake, kumwona. Kila mara nikapata kazi nyingine ya kufanya.

Kisha kijana naye akachoka. Redio ikanunuliwa na kanisa la uamsho, na kwa mara ya pili ikabadilisha jina. Muziki wa dunia ukakoma siku moja saa sita mchana, katikati ya wimbo. Sasa yalikuwa maombi na mahubiri kutwa, na kwa kuwa mchungaji mkuu alijua kwamba Nakivale imejaa Wakongo wanaopenda kusali, Kiswahili kikarudi kwa nguvu. Mimi nikawa mtafsiri. Yeye alihubiri kwa Kiingereza, mimi nikamfuata nyuma kwa Kiswahili, akipaza sauti nami napaza. Baba alianza kunisikiliza tena. "Unakimbia sana," aliniambia. "Wacha neno lifike." Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa.

Walipokuwa wakisafisha jengo kabla ya kuliweka wakfu, vijana wa kanisa walitoa magunia mawili chini ya ngazi, wakayapeleka uani kuyachoma. Niliona pembe ya karatasi ya sabuni imechomoza. Nikakimbia.

"Za nini, dada?" mchungaji aliniuliza.

"Ni barua za watu, mchungaji."

Alichungulia ndani ya gunia, akatoa moja, akaisoma yote amesimama. Akairudisha. "Chukua," alisema.

Jumamosi hiyo nilipakia magunia kwenye pikapu inayoelekea Ibanda, nikashukia Bwizibwera. Nilikuwa na hofu. Ilikuwa imepita miaka saba. Mke wa Afande alinipokea kama anayenifahamu siku zote, akapaza sauti kuelekea zizini. Afande alitoka na fimbo yake, amepungua, macho yameingia ukungu. Alisogea karibu sana na uso wangu.

"Mwalimu yangu," alisema.

"Afande," nilimwambia, "siku ile sikusema kitu."

"Mimi pia hapana sema. Sisi wote wawili tulinyamaza." Akanivutia kiti. "Kunywa maziwa."

Tulikaa uani mchana mzima. Hakuweza tena kusoma, basi nilisoma mimi, yeye akasikiliza kichwa kimeinama. Nilishangaa jinsi alivyokumbuka. "Huyu alipatikana, alikuwa Masha. Huyu pia, alikuja mwenyewe kusema asante. Huyu alitaka wimbo tu, weka kando." Kwa nyingine alionyesha kwa fimbo sehemu tupu ya mkeka. "Huyu bado." Jua liliposhuka, sehemu ile ya mkeka ilikuwa na lundo.

"Miaka mingi imepita, Afande," nilisema.

"Lakini huyu mama bado anangoja, ama?" alisema, akigusa barua ya juu kwa fimbo.

Jumatatu nilimwendea mchungaji, nikamwomba dakika kumi. Aliuliza kama ni za siasa. Nikasema hapana. Aliuliza kama kuna muziki. Nikasema hapana. Akanipa Alhamisi, baada ya mahubiri ya mchana.

Nilisoma barua tatu au nne kila Alhamisi, kama zilivyoandikwa. Watu walipiga simu. Wengi walipiga kusema kwamba anayetafuta ameshakwenda Amerika, au anayetafutwa alizikwa zamani, na mahali alipozikwa ni fulani. Niliwafikishia wenyewe niliowapata, mmoja mmoja, na nilijifunza kwamba hata habari hiyo watu huishukuru. Wawili walipatikana wakiwa hai. Kila Alhamisi jioni nilimpigia Afande, naye aliniambia alivyopanga tena lundo lake kichwani, nani ametoka, nani amebaki. Alifariki kabla barua hazijaisha. Nilikwenda kumzika, na mwanawe alinionyesha redio iliyokuwa juu ya kitanda chake, imewekwa kwenye kituo chetu.

Barua ya mwisho kabisa haikuwa na anwani. Ilikuwa ya mwandiko wa mtoto, herufi kubwa kubwa zinazopanda kilima. Haikuuliza mtu yuko wapi. Ilimsalimu bibi yake tu, kwa jina, na kumwambia kwamba kuku wake mweupe ameangua. Nilidhani Afande aliiweka kwenye lundo lile la "bado" kwa makosa. Hata hivyo nikaisoma Alhamisi ile.

Simu iliita kabla sijaikunja. Alikuwa mwanamke, sauti ya Juru kabisa.

"Dada, uyo mutoto ni miye," alisema. "Niliandika nikiwa na miaka kenda. Sasa niko na batoto batatu. Tate, ule niliandikia, alikufa kabla ya barua kusomwa." Nikasikia mtoto akilia nyuma yake. "Lakini leo nimesikia jina lake kwa redio. Unaweza kusoma tena? Bwana wangu iko inje, ninataka nimuite asikie."

Mchungaji alikuwa ameshasimama mlangoni na Biblia yake, anangoja nafasi. Nilimwinulia kidole kimoja kumwomba dakika. Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea ukuta, nami nikasoma tena.